Jamaa wa elfu themanini aliyeondoka na jina langu

Juzi usiku dada mmoja wa Makambako kaniandikia: "Kaka, nafungua tovuti ya parachichi zangu. Nihosti wapi kwa bei nafuu?" Lile neno "nafuu" likanichekesha, mke wangu akauliza kuna nini. Hakuna kitu, nikamwambia. Kumbe kidonda hakijapona.

Mimi natembeza wageni: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, na hasa Kitulo maua yakichanua. Tovuti yangu ya kwanza ilitengenezwa na jamaa niliyekutana naye Mwanjelwa, kibandani kwa fundi simu. Kila kitu alishika yeye: domeini (jina la tovuti), hosti (pahali tovuti inapokaa ili ionekane mtandaoni), imeili. Elfu themanini kwa mwaka, nafasi "bila kikomo". Nikamtumia hela kwa simu palepale. Risiti sikuomba, si mtu wa nyumbani?

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Januari iliyofuata, maua ndiyo kwanza yanakolea, mgeni wa Ujerumani kanitumia picha ya skrini: pale palipokuwa na orkidi zangu pana ukurasa mweupe, akaunti imesimamishwa. Nikampigia jamaa. Hapatikani. Siku tatu hapatikani. Fundi simu akasema, bila hata kuinua macho kwenye kazi yake, "Yule? Alishahamia Dar."

Nikaiandikia kampuni yenye seva, yaani kompyuta iliyobeba tovuti yangu. Wakajibu kwa adabu kwamba hawanijui. Akaunti ni ya jamaa, na domeini imeandikishwa kwa jina lake na imeili yake. Yaani biashara yangu, jasho langu, ila kwenye maandishi simo! Muda wa domeini ukaisha, ikasubiri wiki kadhaa mwenyewe ailipie, hakulipa, ikaachiwa, mtu akaidaka. Leo ukiifungua unakuta matangazo ya kamari. Kadi zangu za biashara zenye anwani ile zimejaa droo nzima, sijapata moyo wa kuzichoma.

Kwa hiyo dada yangu, domeini andikisha mwenyewe, kwa jina lako. Na imeili uliyojiandikishia isiwe ya domeini hiyohiyo, maana ikizimika hata ujumbe wa kukukumbusha kulipa hutauona. Hosti nunua kwingine kabisa, ili mmoja akikuudhi usipoteze vyote. Ukishawahi kumpa mtu kila kitu, dai jina lako leo. Domeini ya .com ikiwa mpya kwa kawaida haihamishiwi kampuni nyingine mpaka zipite siku 60, basi usisubiri mpaka mgombane.

Bei nayo, uliza ya mwaka wa pili, kwa sababu ya kwanza ni chambo. Na wakikuambia seva iko hewani asilimia 99.9, piga hesabu: bado inaruhusiwa kuzimika kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99 ni zaidi ya siku 3 na nusu. Anayekutoza hela ya kile kikufuli cha usalama kinachoonekana kando ya anwani ya tovuti, muulize kwa nini, wakati shirika la Let's Encrypt linakitoa bure.

Mimi safari hii niliwaandikia watoa huduma watatu Jumamosi saa nne usiku, kabla ya kulipa senti. Mmoja tu ndiye aliyejibu usiku uleule. Ndiye niliye naye, na wageni wanne nilionao Kitulo wiki hii wamenipata kupitia tovuti iliyo kwake.

Bekapu, yaani nakala ya tovuti yako, pakua mwenyewe, weka kwenye flashi. Kituo cha data cha Strasbourg, Ufaransa, kiliungua Machi 10, 2021, na wapo waliopoteza tovuti moja kwa moja. Hao wako Ulaya, wana zimamoto! Sisi wa Nyanda za Juu tumezidi kuaminiana kwa mdomo. Mahindi ya shambani unayawekea mlinzi, jina la biashara unamwachia mpita njia. Tuache.

Nikamjibu dada: kabla ya bei, domeini itaandikwa kwa imeili ya nani?

Akajibu asubuhi: "Kuna kaka hapa mtaani, kasema nisijali, kila kitu atanifanyia yeye."