Kuuchora na kuucheza ugonjwa: usianze na picha inayocheka

Mpe mgonjwa wa saratani karatasi na krayoni, mwambie ajichore. Mara nyingi atachora mtu anayetabasamu, jua pembeni, pengine na maua. Picha hiyo amewachorea watu wa nyumbani wasimhofie. Mwambie sasa asimame aicheze kwa mwili, kama dansi: mikono itainuka nusu, kisha itakwama.

Anna Halprin, mcheza dansi wa California, alikwama hapohapo. Saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo ilimpata mwaka 1972, akapasuliwa, kisha miaka mitatu baadaye ikarudi. Alijichora kijana, mwenye afya na rangi za kung'aa, akashindwa kuicheza picha yake mwenyewe. Akaigeuza karatasi, akachora kwa rangi nyeusi umbo lenye pembepembe na ghadhabu, akalicheza hilo kwa kelele mbele ya watu wake. Baada ya hapo ndipo ile ya kwanza ilipochezeka. Mwaka 1978 yeye na binti yake Daria walianzisha Taasisi ya Tamalpa, inayofundisha njia hii ya kuushughulikia mwili, hisia na fikra kwa pamoja. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100, lakini mtu asikudanganye kwa umri huo: kucheza hakuondoi uvimbe. Anayekwambia uache dawa ili ucheze, mkimbie.

Vifaa ni vichache: karatasi mbili za manila, krayoni nene, kiti imara kisicho na magurudumu, na mtu mmoja wa kushuhudia. Penseli weka kando. Inamshawishi mtu kufutafuta, tena vidole vilivyokufa ganzi kwa sababu ya dawa haviishiki vizuri. Kalamu za wino zenye harufu kali nazo huamsha kichefuchefu. Wacheza dansi hupenda miguu mitupu, ila kwa mwenye ganzi nyayoni hilo ni hatari: avae viatu visivyoteleza.

Siku nayo ichaguliwe. Kwa anayepata dawa za kemo kila baada ya wiki tatu, wiki ya mwisho kabla ya dozi inayofuata ndiyo huwa na nguvu kidogo. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hakuna cha kuchora wala kucheza. Aende hospitali mara moja.

Aanze ameketi, dakika tano, akifuata pumzi na kupitia mwili kuanzia nyayo hadi utosi bila kubadilisha chochote. Kisha achore dakika kumi bila kuinua kichwa kuuliza kama ni nzuri. Achague sehemu moja tu ya picha, tuseme lile doa jeusi kifuani, ajiulize: hili likisogea, linasogeaje? Linakaza, linatambaa, linapiga? Mwili ufuate kwa dakika tatu hadi tano. Kidole kimoja kikisogea kwa ukweli kinatosha, hata kwa aliyelala kitandani. Sauti ikitaka kutoka itoke. Muziki usiwepo mwanzoni, kwa sababu kwaya au taarabu itamchagulia hisia.

Akimaliza, aandike kwa niaba ya lile doa: "Mimi ni…", "Nataka…", "Nahitaji…". Ndipo achore picha ya pili, aicheze nayo. Asiachwe aende kulala na ile nyeusi peke yake.

Kinachoharibu zaidi ni shahidi. "Usilie", "Mungu atakuponya", "mbona unaendelea vizuri tu": maneno ya upendo hayo, lakini yanaifunga kazi papo hapo. Shahidi aseme alichoona tu: "niliona bega la kushoto likipanda." Asitafsiri. Mgonjwa akizama, macho yakimtoka na pumzi ikikatika, simamisha: nyayo sakafuni, glasi ya maji baridi mkononi, ataje vitu vitano anavyoviona. Yakifumuka mambo mazito ya zamani, si kazi ya ndugu tena, mtafute mshauri nasaha.

Mwili una mipaka yake. Saratani ikiwa imeingia mifupani, hakuna kuruka wala kuzungusha mgongo, na daktari aulizwe kwanza. Aliyetolewa ziwa pamoja na tezi za kwapani ainue mkono polepole. Ukianza kuvimba au kuwa mzito, aache. Mwenye mfuko wa choo tumboni aumwage kabla, asikaze tumbo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, aketi mara moja na msaada uitwe.

Picha ziandikwe tarehe nyuma na zihifadhiwe. Hazipimi ugonjwa, ila mtu anayejibu kliniki kwamba haumwi popote, huku kila picha nyonga yake ameipaka nyekundu, akumbushwe kumweleza daktari habari za hiyo nyonga.