Kigari cha laki nne na nusu, na mkaa ndani yake

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni dada mkubwa kwetu, naishi Sinza, nina kazi nzuri namshukuru Mungu. Mdogo wangu wa kiume alioa mwaka jana na mkewe ana mimba ya kwanza, sasa mwezi wa nane. Nikaamua kumfanyia wifi yangu bebi shawa ya kueleweka: ukumbi, keki ya ghorofa tatu, maputo, sare za pichi, wageni 40. Mimi mwenyewe nikamnunulia kigari cha mtoto cha laki nne na nusu. Mama yake hatukumwalika maana nafasi ilikuwa finyu. Shangazi, yule binti alikaa kanuna mwanzo mpaka mwisho. Akavua viatu mbele za watu, akasema kichwa kinamgonga na anaona giza giza, keki hakuigusa. Juzi nikapita kwao Kimara kumsalimia, nikakuta kigari kimeegeshwa koridoni, ndani yake gunia la mkaa! Lakini furushi la kanga kuukuu alilotumiwa na mama yake kutoka Korogwe limekunjwa vizuri juu ya kitanda kama dhahabu. Mdogo wangu anasema nisamehe tu. Je, huyu ana shukrani kweli? Na nikikidai kigari changu nitakuwa nimekosea? — Wifi Mwenye Uchungu, Sinza.*

Marahaba mwanangu. Pole kwa fedha zako. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Kwanza achana na mkaa. Mjamzito wa miezi minane anayesema kichwa kinamgonga na macho yanaona giza, wewe umemwandika kwenye barua kuwa kanuna. Hujawahi kusikia kifafa cha mimba? Dalili zake ndizo hizo ulizonihesabia kama makosa ya adabu: kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu. Na kinapenda sana mimba ya kwanza. Viatu alivivua kwa sababu miguu ilikuwa imejaa, ukimtazama ungeona. Labda lilikuwa joto la ukumbi tu, Mungu ajaalie iwe hivyo, lakini wa kusema hivyo ni mkunga mwenye mashine ya presha na kikopo cha mkojo. Ukimaliza kusoma mstari huu mpigie mdogo wako, mwambie ampeleke akapimwe leo, asingoje tarehe ya kadi. Kisha rudi tuendelee kugombana.

Umerudi? Haya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Keki ina ghorofa zake, maputo yapo, sare zina rangi, kigari kina bei. Mwenye tumbo ndiye hana habari. Analala vipi, anaogopa nini, kliniki anaenda na nani, humo hamna. Wageni 40, na sina shaka zaidi ya nusu yao ni wa ofisini kwako na wa kikoba chako. Picha zilifika kwenye simu za watu kabla kigari hakijafika Kimara, nikikosea niandikie unisute. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wewe ulitoa utajiri, moyo ukauacha kwenye gari.

Halafu hicho kigari. Kimara naijua mimi. Kuna nyumba kule ukishuka barabarani unapanda kilima kwa vingazi vya matairi yaliyofukiwa udongo, na mvua ikinyesha hata bodaboda wanakushushia chini, unamalizia kwa miguu huku umeshika ndala mkononi. Kigari kitapita wapi? Atakisukuma au atakibeba, na mtoto ambebe nani? Wifi yako amekitafutia kazi inayowezekana. Gunia la mkaa likikaa chini kwenye sakafu ya koridoni linavuta unyevu, likikaa juu ya magurudumu linabaki kavu. Nimecheka hadi mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Huyo binti ana akili ya nyumba, mdogo wako ameoa.

Sasa njoo kwenye zile kanga, maana hapo ndipo uchungu wako ulipo. Kigari umekitaja kwa bei, kanga umezitaja kwa ukuukuu. Mwanangu, kanga kuukuu haiuzwi duka lolote la Kariakoo. Ukinunua doti mpya leo inakuja imekakamaa kama karatasi, rangi inachuja maji matatu, haijakatwa wala kupindwa. Mpaka iwe laini kiasi cha kumgusa kichanga wa siku moja bila kumkwaruza, inataka miaka ya kufuliwa na kuanikwa. Ile miaka ndiyo aliyotuma mama wa Korogwe. Kipande kimoja kitachanwa nepi, kingine kitamfuta mtoto, kingine mama atajifunga kifuani akinyonyesha usiku, na ile iliyo nzima itakuwa mbeleko. Tena angalia busara ya yule mama. Wazee wengi walikataza kumnunulia mtoto vitu kabla hajazaliwa, waliona ni kujitia mbele ya Mungu. Kanga ni nguo ya mama, kwa hiyo ametuma kila kitu cha mtoto na mwiko hakuuvunja.

Na huyo ndiye uliyemkosea nafasi ukumbini. Wageni 40 wakatosha, wa 41 akazidi. Bibi mzaa mama wa mtoto! Unajua nini, mimi naamini hata kama kichwa kisingeuma, yule binti asingecheka siku ile. Anakaa kwenye kiti cha maua kama bibi harusi, anazungukwa na watu wanaovaa pichi asiojua majina yao, na mama yake yuko Korogwe anaangalia picha kwenye simu ya jirani. Mimi ningenuna na keki ningeipindua.

Siku hizi tumegeuza kila kitu kuwa kamati. Kuchumbiana kamati, kuagwa kamati, harusi kamati, na sasa mtoto hajavuta pumzi tayari ana mwenyekiti na mweka hazina. Michango inapigiwa simu usiku kama deni la mahakama. Ukumbi umelipwa, mpambaji kalipwa, mpiga picha kalipwa, halafu mama anafika mlango wa leba hana hata pamba. Nimeona hilo kwa macho yangu, tena kwa familia iliyokata keki wiki moja nyuma. Baba mtarajiwa anakimbia duka la dawa la ng'ambo ya barabara kutafuta glovu na shati limeloa jasho. Ndoa hizi zinapendeza kwenye picha jamani.

Kifungua mimba wangu nilimzaa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa inapangiwa foleni alfajiri. Siku ya tatu baada ya kujifungua wifi yangu, mwanamke mkali ambaye hatukuwahi kupatana, akaingia ndani bila hodi, akatoa kwenye kikapu mche mzima wa sabuni uliofungwa gazeti. Hakusema hongera. Aliuliza, "Nepi chafu ziko wapi?" Akachutama uani akazifua zote, akaanika, akaondoka. Mtoto huyo sasa ana ndevu za mvi, na harufu ya ile sabuni bado ninayo puani.

Basi, kwa kuwa fedha unazo na mimba bado haijafika mwisho, nikutume. Nenda kwa wifi yako umuombe ile orodha aliyopewa kliniki ya vitu vya kujifungulia. Mpira wa kutandika, glovu, pamba, kibanio cha kitovu, pedi kubwa za uzazi, beseni. Muulize kipi bado, ununue hicho hicho, ukitie kwenye begi lake kimyakimya. Halafu tafuta dereva wa bajaji au teksi anayelala karibu na kwao, umlipe kabisa nauli ya usiku mmoja, namba yake wifi yako aibandike ukutani. Uchungu una tabia ya kuja saa nane za usiku, na ile njia ya matairi tumeshaisema.

Chupa nzuri ya chai inayotunza moto mpaka asubuhi, kwa ajili ya uji. Taa ya kuchaji, umeme tunaujua. Madera mawili yenye zipu kifuani. Nguo za mtoto ukinunua, chukua za miezi mitatu hadi sita, maana kila mtu ameshaleta zile ndogo na mtoto atazivaa wiki mbili. Viatu acha, hatembei kabla ya kukaribia mwaka. Chupa za maziwa usinunue hata moja, atanyonya ziwa tu miezi 6 ya mwanzo, na ukimletea chupa ni kama umemwambia maziwa yake hayatoshi. Asali pia usije nayo kwa kisingizio cha kumlambisha. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja ni hatari.

Lakini zawadi yenyewe inatoka Korogwe. Sheria ya ajira inampa mdogo wako siku 3 za likizo mkewe akijifungua. Siku 3! Arobaini ina siku 40. Hizo 37 zilizobaki nani anachemsha maji, nani anapika mtori, nani anashika mtoto mama apate japo usingizi wa saa mbili? Wewe una kazi yako nzuri, hutakuwepo. Mpigie yule mama wewe mwenyewe, usimtume mdogo wako. Msalimie kwa adabu, mwambie ulikosea kumwacha, usilete habari ya nafasi finyu maana na yeye ana akili. Mtumie nauli ya basi, na siku ya kufika nenda ukampokee stendi, ubebe furushi lake wewe.

Na akifika Kimara, kaa naye jikoni umwangalie mikono. Utajifunza kitu.

Kigari usikidai. Kiache palepale koridoni, mvua za vuli ziko njiani, mkaa ukilowa hauwaki, na nyumba yenye mzazi inataka maji ya moto usiku na mchana.