Kwa mnaoanza kusoma Ulaya ya karne ya 16 na 17: ingieni kwa dirisha la Prague

Wengi wanaoanza kusoma historia ya Ulaya ya kati ya 1500 na 1800 huanza na orodha: Luther 1517, Charles V, Henry VIII, Philip II, Louis XIV. Wanakariri, wanafaulu mtihani, na muhula ukiisha majina yote yameyeyuka kwa sababu hayakushikana na kitu chochote. Nawaomba mjaribu njia nyingine. Chukua tukio moja, kaa nalo wiki kadhaa, na kila mtu anayejitokeza ndani yake muulize swali lilelile: huyu alikuwa anaogopa kupoteza nini?

Tukio ninalopenda kumpa anayeanza ni la tarehe 23 Mei 1618, lililowasha Vita vya Miaka Thelathini (1618 hadi 1648). Siku hiyo kundi la makabaila wa Kiprotestanti wa Bohemia, nchi iliyo ndani ya Ucheki ya leo, lilipanda kwenye ngome ya Prague, likawakabili wawakilishi wa mfalme, na baada ya mabishano makali likawashika wawili, Vilém Slavata na Jaroslav Martinic, likawarusha dirishani. Katibu wao, Filip Fabricius, naye akafuatishwa. Walianguka kimo cha zaidi ya mita 15 na wote watatu walipona. Wakatoliki walisema Bikira Maria aliwadaka. Waprotestanti walisema waliangukia lundo la samadi. Usihangaike sana kuchagua nani mkweli. Jiulize kila simulizi ilimfaa nani, maana hii ni Ulaya ambayo tayari ina matbaa, na kila upande una wapiga chapa wake.

Sasa anza kuuliza. Makabaila wale walikuwa na hati ya mwaka 1609, waliyopewa na Rudolf II, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi iliyojumuisha nchi za Ujerumani na Bohemia, iliyowahakikishia uhuru wa kuabudu. Kanisa lao la Hrob likabomolewa, la Broumov likafungwa. Mfalme wao mpya, Ferdinand, ambaye mwaka 1619 alikuwa Kaisari, alijulikana kwa jinsi alivyowabana Waprotestanti katika ardhi zake za Austria. Waliona hati ikigeuka karatasi tupu, na hati ikishakuwa karatasi tupu, mashamba na vyeo navyo haviko salama. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Waliposhindwa kwenye vita vya Mlima Mweupe nje ya Prague, tarehe 8 Novemba 1620, viongozi 27 waliuawa hadharani mwezi Juni uliofuata, na mali za waasi zikataifishwa na kuuzwa. Mmoja wa walionunua kwa wingi ni Albrecht von Wallenstein, ambaye baadaye aliongoza majeshi ya Kaisari.

Hapa ndipo anayeanza huteleza kwa kusema vilikuwa vita vya dini na kufunga daftari. Dini ilikuwa ya kweli. Watu walikubali kufa na kuhama nchi kwa ajili yake, na mwanahistoria anayeidharau hataelewa lolote la karne ile. Lakini mwangalie John George, mtawala wa Saxony, Mlutheri, aliyepigana upande wa Ferdinand Mkatoliki na kutunukiwa jimbo la Lusatia. Mwangalie Maximilian, mtawala wa Bavaria, ambaye mwaka 1623 alipewa haki ya kupiga kura ya kumchagua Kaisari, haki aliyonyang'anywa binamu yake Frederick V, aliyekuwa amekubali taji la Bohemia kutoka kwa waasi. Kisha mwangalie Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, mtu wa Kanisa Katoliki kabisa, ambaye kuanzia 1631 Ufaransa yake ilimlipa Gustavus Adolphus, mfalme wa Sweden, Mlutheri, ili awapige Wakatoliki wa ukoo wa Habsburg, ukoo wa Ferdinand.

Anayenigusa zaidi ni mtu ambaye vitabu vingi vya wanaoanza havimtaji: Hans de Witte, mwenye benki wa Prague. Alikuwa Mkalvini, Mprotestanti wa mafundisho ya John Calvin, yaani dhehebu lake halikutambuliwa hata na mapatano ya Augsburg ya 1555, yaliyowatambua Wakatoliki na Walutheri tu. Hata hivyo yeye ndiye aliyemtafutia Wallenstein fedha za kulisha jeshi la Kaisari Mkatoliki. Alikopa kwa wafanyabiashara wa miji mingi ya Ulaya kwa jina lake mwenyewe, akitegemea kulipwa kutokana na michango ambayo jeshi liliikamua kwenye miji na vijiji lilikopita. Mwaka 1630 Ferdinand alipomwondoa Wallenstein, mtiririko ule ukakatika na wadai wakamgeukia de Witte. Alijizamisha kwenye kisima cha nyumba yake. Ukimsoma mtu huyu vizuri utaelewa jeshi la karne ya 17 lilivyofanya kazi kuliko ukisoma vita kumi kwenye ramani, kwa sababu hazina ya serikali haikuweza kulilipa jeshi, na jeshi likalazimika kuila nchi.

Kuna kazi ndogo za kuchosha ambazo ni lazima uzizoee mapema. Ya kwanza ni kalenda. Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda mwaka 1582, nchi za Kikatoliki zikafuata, nyingi za Kiprotestanti zikakataa kwa muda mrefu. Uingereza ilisubiri mpaka 1752. Tofauti katika karne ya 17 ilikuwa siku kumi. Ndiyo maana Gustavus Adolphus alikufa vitani Lützen, Ujerumani, tarehe 16 Novemba 1632 kwa kalenda mpya, lakini Waswidi humkumbuka tarehe 6. Uingereza kuna mtego mwingine: mwaka ulianza kuhesabiwa tarehe 25 Machi. Ukikuta waraka wa wakati ule unasema mfalme Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1648, haujakosea. Ni Januari tunayoiita ya 1649. Andika kalenda pembeni ya kila tarehe kwenye daftari lako.

Ya pili ni majina. Mtu mmoja huwa na namba tofauti kila nchi anayoitawala, na mji mmoja huwa na jina la Kijerumani na la Kicheki. Wallenstein aliuawa mwaka 1634 katika mji ambao Wajerumani huuita Eger na Wacheki Cheb, na Hungary kuna Eger nyingine kabisa. Philip IV wa Hispania alikuwa Philip III kwa Wareno, kwa kuwa kati ya 1580 na 1640 mataji hayo mawili yalikuwa kwenye kichwa kimoja. Kwetu pwani hili si jambo la mbali: Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno na kubatizwa Jerónimo Chingulia, alipoiteka Ngome ya Yesu Agosti 1631, mfalme aliyekuwa akimwasi ni huyohuyo Philip, wa ukoo uleule wa Habsburg uliokuwa ukipigana Ujerumani.

Usiwaachie wafalme peke yao swali lako. Kuna shajara ya askari wa kukodiwa, Peter Hagendorf, iliyopatikana katika maktaba ya serikali mjini Berlin na kuchapishwa 1993. Inafuata miaka kama 25 ya maisha yake na zaidi ya kilomita 22,000 za kutembea. Tarehe 20 Mei 1631 alikuwa miongoni mwa walioivamia Magdeburg, mji ambao wakazi wapatao 20,000 waliangamia. Alipigwa risasi mbili, akarudishwa kambini, na mkewe akaingia kwenye mji unaowaka kumtafutia vitambaa vya kufungia majeraha. Hagendorf anaandika kwamba alimhofia mkewe kuliko jeraha lake, kwa ajili ya mtoto wao aliyekuwa mgonjwa. Mkewe alirudi na vitambaa, mtungi wa divai, na bibi mmoja mzee aliyemsaidia kubeba mzigo. Soma ukurasa huo polepole. Mtu yuleyule anaihurumia Magdeburg kwa kuungua, na yeye ni mmoja wa walioiteka, na divai anayokunywa imetoka humo. Usimpunguzie upande wowote.

Ukifika 1648, swali lako libadilike kidogo: nani aliondoka na nini? Mikataba ya amani ilisainiwa tarehe 24 Oktoba, baada ya mazungumzo ya miaka katika miji miwili, Münster na Osnabrück. Sweden ilipata Pomerania ya Magharibi, Bremen na Verden, pamoja na taleri (sarafu za fedha) milioni 5 za kuwalipa na kuwaachisha askari wake. Ufaransa ilijiimarisha katika jimbo la Alsace. Maximilian alibaki na kura yake, na mwana wa Frederick akatengenezewa kura ya nane. Wakalvini wakatambuliwa kisheria. Wakimbizi wa Bohemia hawakupata kurudi kwao. Jan Amos Comenius, askofu na mwalimu, alimwandikia kansela wa Sweden, Oxenstierna, kwa uchungu kwamba watu wake wameachwa. Comenius alifia Amsterdam mwaka 1670.

Baada ya hapo usirudi kwenye orodha. Mfuate Elizabeth Stuart, mke wa Frederick V, malkia wa Bohemia kwa majira ya baridi moja tu. Mdogo wake wa kiume ni Charles I, kwa hiyo ataufikisha usomaji wako kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ambako mwanawe Rupert aliongoza wapanda farasi wa mfalme. Binti yake Sophia aliolewa Hanover, na mwana wa Sophia ndiye George I, aliyekalia kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1714.