Mleta uzi, usitume hiyo laki tano

Simama hapo hapo. Unasema una miezi minne Kimara, hujuani na mtu, sala zimekauka, na mtumishi wa Mungu fulani amekwambia upande mbegu, yaani sadaka, ya laki tano ili "kusudi" lako lifunguliwe. Hilo neno linanichefua mpaka leo.

2019 nilikuwa na laki tisa, kodi ya miezi sita, mwenye nyumba wangu Tabata anaisubiri. Nikaingia nayo mkesha wa Ijumaa. Mtumishi akanyoosha kidole: "Kuna mtu hapa ameikalia mbegu yake mfukoni!" Watu mia na kitu, wote tuna mifuko, lakini mimi nikajua ni mimi. Nikatoa yote. Nikapewa kichupa cha mafuta. Ni ya alizeti, najua kwa sababu nilikuja kuyakaangia mayai, na kwa kweli mayai yalitoka vizuri.

Wiki ya tatu vyombo vyangu viko nje. Nampigia mtumishi, anapokea katibu, ananiuliza naitwa nani. Miezi nane nimekaa mstari wa pili! Baadaye nikaletewa jibu kwamba imani yangu ilikuwa na ufa. Ufa ulikuwa kwenye kodi, baba. Imeandikwa Mathayo 6:6 ukisali uingie chumbani ufunge mlango. Mimi hata chumba sina.

Walionipokea ni jumuiya ndogo ndogo ya mtaani, majirani Wakatoliki wanaosali pamoja majumbani, ambayo nilikuwa naikimbia. Mkatoliki wa kubatizwa kabisa, lakini Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viti vya plastiki, daftari la mahudhurio, mchango wa msiba? Niliona mambo ya wazee. Mama mmoja akanipa godoro, mzee mmoja akaenda kumwomba mwenye nyumba nilipe mwezi mwezi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizi kipaumbele tangu 1976. Hazina bango wala spika, ndiyo maana hukuziona. Walutheri nao wanazo.

Sheria yangu ni moja: usimpe shilingi mtu asiyejua unapolala. Nilipokosa Jumamosi mbili kwa malaria, waligonga mlango na uji. Siku hiyo ndiyo nilisali vizuri, nadhani.

Jumamosi hii muulize mama muuza maandazi hapo kwenu wanasali nyumba gani. Hiyo laki tano ni kodi.