Maumivu ya kifua yanayokuja ukijitahidi na kuondoka ukipumzika

Ndugu yetu ameuliza kama maumivu ya kifua yanayomjia akipanda kilima, kisha yakatulia akisimama, yaweza kuwa gesi. Namjibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Tanga.

Nilikuwa nikienda kazini Raskazone kwa baiskeli kutoka Ngamiani, na kila nilipokanyaga kwa nguvu kushindana na upepo, kifua kilibana kama kilichofungwa kamba, uzito ukapanda hadi kwenye taya na bega la kushoto. Nikishuka na kusimama, dakika tatu au nne baadaye hali ilikuwa shwari. Nyumbani tukasema ni chembe ya moyo, nikanywa tangawizi kwa miezi minne. Kituo nilichokwenda kwanza kilinipima umeme wa moyo nikiwa nimelala, nikaambiwa sina tatizo.

Daktari wa pili hakuanza na mashine, bali aliniuliza maumivu yanaanza nikifanya nini na yanakoma nikifanya nini. Hilo ndilo swali lenyewe, na tangu mwaka 1768 daktari Mwingereza William Heberden alikwisha kueleza wagonjwa waliobanwa kifua wakitembea, hasa wakipanda mlima baada ya kula, wakapata nafuu waliposimama. Moyo ni msuli, na una mishipa yake ya kuulisha damu. Mishipa hiyo ikisongwa na mafuta yaliyojijenga ndani ya kuta zake, damu inayopita humtosha mtu aliyetulia lakini haitoshi moyo unapodunda kwa kasi. Ndiyo sababu kipimo cha kitandani chaweza kutoonyesha kitu.

Nilipelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, nikapimwa nikitembea juu ya mashine, na tatizo likaonekana. Sasa natumia aspirini, dawa ya kupunguza lehemu (mafuta yaliyomo kwenye damu), na kidonge cha kuweka chini ya ulimi, ambacho lazima nikitumie nimeketi kwa kuwa hushusha presha. Tafadhali, kidonge hicho kisichanganywe kamwe na dawa za nguvu za kiume.

Nakusihi uende hospitali wiki hii, ukaeleze mpangilio wa maumivu yako kama ulivyotueleza sisi. Lakini yakikujia umekaa, yakizidi robo saa, au yakiandamana na jasho jembamba na kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Mama zetu na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu kabisa, bali uchovu na pumzi kukatika tu, nao wapelekwe upesi vilevile.