Tangazo la nyumba yako Mwanza lijibu kabla mgeni hajauliza

Nyumba za kupangisha kwa siku zimeongezeka Mwanza, na matangazo yake yanafanana kama mapacha: sofa la kijivu, televisheni ukutani, na maneno "nyumba nzuri ya kisasa". Mtu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi akiyapitia hapati cha kupima isipokuwa bei. Unashusha, jirani anashusha, na bado kalenda iko wazi. Kabla hujashusha tena, soma tangazo lako kama mtu asiyekujua na asiyekuamini. Maji yapo? Gari linafika? Umeme ukikatika inakuwaje? Kama hajibiwi, anapita.

Anza na jina. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, inakupa herufi 50 tu, kwa hiyo "nzuri" na "kisasa" zinakula nafasi bure. "Vyumba 2 Capri Point, roshani inayotazama ziwa" ina herufi 46 ukihesabu na nafasi, na inasema ukubwa, mtaa na kinachomvuta mtu. Kama huoni ziwa, usilitaje. Taja ulicho nacho: maegesho ndani ya geti, au dakika kumi hadi hospitali ya Bugando.

Hilo la Bugando si dogo. Watalii wanaoelekea Serengeti kupitia geti la Ndabaka ni sehemu tu ya wageni wa mji huu. Yupo anayeuguza ndugu kwa wiki mbili, mzazi aliyekuja mahafali ya chuo kikuu cha SAUT, fundi anayepita kwenda migodi ya Geita, ukoo mzima uliokuja harusini. Anayeuguza hajali kuta zina rangi gani. Anataka jiko linalowaka, sufuria yenye mfuniko, chupa ya chai na hotpoti ya kubebea chakula wodini. Piga picha ya vitu hivyo vikiwa vimepangwa mezani. Weka na punguzo la kuanzia siku 7, maana huyu hakai usiku mmoja.

Picha ndizo zinazoharibiwa zaidi. Shika simu kwa ulalo, usimame kwenye kona ya chumba, simu iwe kwenye kimo cha kitasa cha mlango. Ukipiga kutoka kimo cha macho, kitanda kinaonekana kimezama sakafuni. Achana na lenzi ile pana ya 0.5: inapinda kuta na kukuza chumba, mgeni anafika anakuta kidogo kuliko alichoona, na hapo nyota ya tano imeondoka. Mchana fungua mapazia na uzime taa, la sivyo nusu ya chumba inakuwa ya njano na nusu ya buluu.

Chumba chenye dirisha la ziwani kina shida yake. Ukipiga saa saba mchana, dirisha linatoka jeupe kama shuka na ziwa halionekani. Subiri jua lizame, yaani karibu saa 12:50 jioni, kisha washa taa za ndani. Kwa kama dakika kumi na tano hivi mwanga wa nje na wa ndani hukaribiana, na simu ya kawaida inashika vyote viwili. Hiyo iwe picha ya kwanza. Halafu kitanda, bafu, jiko, na njia ya kuingilia.

Njia ya kuingilia wengi huificha, hasa nyumba za milimani. Mwanza ni mji wa miamba. Kama gari linaishia chini na kuna ngazi 60 za kupanda kati ya mawe, zihesabu, zipige picha, andika namba yenyewe. Bibi mwenye magoti mabovu atachagua kwingine, na ni heri achague kwingine kuliko afike na mabegi ndipo agome.

Sasa maji. Mitaa ya juu hukosa maji ya bomba mara kwa mara, na mgeni wa Kanda ya Ziwa analijua hilo. Andika lita za simtanki lako. Watu wanne wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 1,000 ni siku tatu tu. Lipo pia lalamiko la shawa ya umeme: maji yanatoka lakini ni ya baridi. Mara nyingi shawa ni nzima. Ndani yake kuna swichi inayosukumwa na maji, na tangi lililo mita 2 tu juu ya shawa linatoa presha ndogo mno, kwani kila mita 10 za kimo ndizo zinazoleta ba 1 ya presha. Swichi haisukumwi, hita haiwaki. Safisha kwanza chujio la shawa, mchanga huziba hapo. Isiposaidia, funga pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tangini. Kisha ndipo uandike "maji ya moto".

Umeme ukikatika: ruta ya intaneti inakula umeme kidogo sana, betri ndogo inaiweka hewani kwa saa kadhaa. Pima kasi ya intaneti ukiwa mezani pa kufanyia kazi, si kando ya ruta, uandike namba uliyopata. Na uniti za Luku mwachie za kumtosha, maana mgeni anayebaki gizani saa tano usiku hasahau.

Kuna usiku ambao wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi wakifuata taa. Weka wavu madirishani usio na tundu, balbu za rangi ya njano barazani, na neti inayofika chini ya godoro. Neti ya futi 4 kwenye kitanda cha futi 6 ni mapambo.

Usimwahidi mtu kuogelea ziwani ufukweni kwako. Kichocho kipo, na sehemu nyingine mamba wapo. Mwelekeze Kisiwa cha Saanane kwa boti, au Makumbusho ya Bujora, na uandike nauli ya bajaji hadi sehemu ya kuanzia safari hiyo.

Ada ya usafi inafukuza wageni wa usiku mmoja kimyakimya. Shilingi 30,000 juu ya chumba cha 80,000 inafanya 110,000. Kwa siku saba ni kama 4,300 tu kwa usiku. Kama wageni wako wengi ni wa usiku mmoja, iingize kwenye bei. Toka kwenye akaunti yako, tafuta tarehe kama mgeni, uone jumla anayoiona yeye.

Maelekezo ya kufika tuma siku moja kabla, kwa alama za barabarani: kutoka stendi ya Nyegezi au uwanja wa ndege, kituo cha daladala, rangi ya geti, na jina analolijua bodaboda, si lile la kwenye ramani.