Dawa za tumbo na mkojo kwa wazee wetu

*Shikamoo daktari. Mama, miaka 74, anatumia omeprazoli mwaka wa pili sasa kwa sababu ya kiungulia. Anameza pia diklofenaki ya magoti. Kuna ubaya?*

Marahaba. Diklofenaki umeitaja mwishoni, kumbe huenda ndiyo inayomchoma tumbo, na figo haiziachi salama. Kwa kawaida omeprazoli ni wiki 4 hadi 8. Ikimezwa miaka, hatari ya kuvunjika mifupa huweza kuongezeka na vitamini B12 huweza kupungua. Lakini msimwachishe wenyewe, maana kwa sasa ndiyo inayomkinga na vidonda. Daktari abadilishe kwanza dawa ya magoti, kisha omeprazoli ipunguzwe taratibu.

*Baba anaamka mara 5 usiku kukojoa. Dukani wamenishauri Buscopan. Nimpe?*

Usimpe. Kama tezi dume imevimba, mkojo unaweza kuziba kabisa. Hata Piriton ya mafua ina hatari hiyo hiyo.

*Bibi kapimwa mkojo, wamekuta bakteria ingawa haumwi popote. Cipro ni siku 5 au 7?*

Hata moja. Swali hili nalijibu kila mwezi! Mzee asiye na homa, asiyeungua akikojoa, asiye na maumivu, msiseme ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) eti kwa sababu tu karatasi ya maabara imesema bakteria wapo. Cipro kwa aliyepita miaka 60 inaweza kukata kano ya kisigino, hasa akiwa anatumia prednisoloni. Acheni kupima mkojo wa mzee asiye na dalili.

*Mjomba alipewa Plasil ya kichefuchefu, anaendelea nayo mwezi wa nne. Sasa mikono inatetemeka, tumeambiwa tununue dawa ya Parkinson.*

Msiinunue. Plasil ni metoklopramidi, na metoklopramidi huzuia dopamini kwenye ubongo, kemikali ile ile anachopungukiwa mgonjwa wa Parkinson. Mnataka kutibu dawa kwa dawa. Mpelekeni kwa daktari wiki hii aisimamishe. Kutetemeka mara nyingi huisha, ingawa huchukua wiki au miezi. Lakini akianza kutafunatafuna mdomo mtupu, hilo huenda lisiondoke tena. Nani aliyekuwa akimuuzia miezi yote hiyo bila kumuuliza chochote?

Hamkusema kichefuchefu kilianzaje. Kama ana kisukari na alianza metformini wakati huo, huenda chanzo ni hiyo. Tieni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za mizizi pia, muende nazo.